Majani Yauayo Vijidudu Katika Sahani

Nimeona ni wajibu kunena juu ya jambo linalozidi kuenea katika nchi yetu ya Kyela, tangu mto Songwe mpaka Matema, nalo ni biashara ya maji ya majani yauzwayo kwa jina la wataalamu. Sineni habari za majani yenyewe, maana hayo si mageni. Bibi zetu walichemsha majani ya mpera kwa ajili ya tumbo la kuhara, wakapaka utomvu wa mshubiri juu ya ngozi iliyoungua, wakafukiza kivumbasi ili kufukuza mbu, wala hakuna aliyepiga mbiu kwa ajili ya hayo. Neno jipya ni kwamba muuzaji wa siku hizi hasemi tena, "Dawa hii niliachiwa na babu." Asema, "Wataalamu wa chuo kikuu wameipima, wakaona yaua vijidudu." Asema hivyo sokoni, asema hivyo stendi, na sasa asema hivyo hata nje ya nyumba za ibada siku ya Bwana, ambapo wazee wa kanisa wamempa benchi apate kupanga chupa zake.

Basi mimi nasema kwamba neno hili, "yaua vijidudu," jinsi litumiwavyo, ni mtego, nao umetegwa kwa ajili yetu sisi tuliosoma kidogo. Asiyejua kusoma hajali kijidudu. Yeye humwuliza jirani kama alipona. Ni sisi wenye madarasa tusikiao jina la chuo kikuu tukafungua mkoba.

Tuanze na lililo kweli, maana mwuzaji huyu hasemi uongo mtupu, na ndiyo sababu kumjibu ni kazi. Ni kweli kwamba wataalamu wanapima majani. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili iliyoanzishwa mwaka 1974, na kazi ya namna hii hufanywa huko na mahali pengi duniani. Hufanywa hivi. Mtaalamu huchuma majani, huyakausha kivulini, huyasaga yawe unga, kisha huuloweka unga ule katika maji au katika spiriti. Huchuja, huiacha spiriti ipotee hewani, na kinachobaki chini ya chombo ni kiini cha majani, kitu kizito chenye rangi ya giza. Kisha huchukua sahani ndogo yenye mfano wa uji ulioganda, utokanao na mwani wa baharini, ambao vijidudu huupenda kama sisi tupendavyo wali. Hupanda vijidudu juu yake, labda vile viletavyo majipu, labda vile vya tumboni, na juu yake huweka kipande kidogo cha karatasi kilicholoweshwa kiini kile. Huiacha sahani usiku kucha katika joto kama la mwili wa mtu. Asubuhi, kama kiini kina nguvu, huonekana duara tupu kuizunguka karatasi, mahali ambapo hapakuota kitu. Hulipima duara kwa rula, huandika milimita zake, na hatua hiyo ya kazi imekwisha.

Kazi hii ni njema. Majani ya mwarobaini, ya mpera, ya mlonge, ya mkaratusi, yote yamepata kuonyesha duara. Walakini siki nayo huonyesha duara, na maji ya ndimu pia. Dawa ya maji itumiwayo kung'arisha nguo nyeupe huonyesha duara kubwa ajabu, wala sijamwona mama amnyweshaye mtoto dawa ya kufulia kwa sababu yaua vijidudu. Sahani haina ini, haina figo, haina damu izungukayo, wala haina mtoto. Kijidudu cha sahanini kimekaa wazi mbele ya dawa kama mpunga uliotandazwa juani mbele ya kuku. Kijidudu cha mwilini kimejificha mapafuni, au katika mkojo, au ndani ya mfupa, na kiini cha majani, kabla hakijakifikia, hakina budi kupita tumboni penye maji makali, kisha katika ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kuvunja vitu vigeni.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi neno pasipo hesabu. Basi na tupige hesabu. Kiini kitokacho katika majani mabichi ya namna hii, kikiwa hakijatenganishwa, mara nyingi huhitaji miligramu kadhaa katika kila mililita moja ili kuzuia vijidudu. Tuseme miligramu 5. Dawa nyingi za hospitali, juu ya vijidudu vilevile, hutosha kwa sehemu moja ya elfu ya kiasi hicho, au chini yake. Mtu mzima ana maji yapata lita 40 mwilini mwake. Ili kila mililita ya maji hayo ipate miligramu 5, yampasa ameze gramu 200 za kiini kikavu, tena kwa mara moja, tena pasipo kupotea hata chembe tumboni wala katika ini. Na kama kilo moja ya majani makavu hutoa gramu 100 za kiini, basi dozi moja ni kilo mbili za majani makavu. Wakulima wa kakao wajua kilo mbili za kitu kikavu zilivyo kubwa. Mwuzaji ampa mtu kikombe kimoja cha maji yenye rangi ya chai, asubuhi na jioni, akamwambia kwamba chuo kikuu kimethibitisha. Chuo kikuu hakijathibitisha kikombe hicho. Kilipima karatasi juu ya sahani.

Mtu aweza kuniambia, "Mwalimu, hata penisilini ilianza katika sahani." Naam, ilianza huko, na habari zake zanisaidia mimi kuliko zinavyomsaidia yeye. Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu umeota katika sahani yake, na kando ya ukungu vijidudu vimekufa. Kama angekuwa mmoja wa wauzaji wetu, juma lile lile angalikuwa barabarani na chupa za maji ya ukungu. Hakufanya hivyo. Ikapita miaka kumi na zaidi, mpaka Howard Florey na Ernst Chain na wenzao katika Oxford walipojua kuitenga dawa ile na uchafu mwingi, wakaijaribu kwanza kwa panya. Mwezi wa Februari 1941 wakampa mgonjwa mmoja, askari polisi ambaye usaha ulikuwa umemwenea. Akaanza kupona machoni pao. Ndipo dawa ikawaishia. Wakakusanya hata mkojo wake ili kuitoa dawa iliyobaki humo na kumrudishia. Nayo haikutosha, askari yule akafa mwezi wa Machi. Walikuwa na dawa ya kweli, ile iliyokuja kuokoa mamilioni, na mtu akafa kwa sababu kipimo kilipungua. Je, yule ambaye hata hajui kipimo ni nini, atamponya nani?

Tena uko mfano wa jani lenyewe. Jani moja limetuokoa sisi watu wa Kyela kuliko majani yote ya sokoni, wala wengi hawalijui. Dawa mseto, ambayo Serikali yetu iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, asili yake ni mmea wa Uchina uitwao artemisia. Mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha tiba cha kale, chenye umri wa miaka zaidi ya 1,600, kwamba mmea ule uloweshwe katika maji na kukamuliwa, wala hakikutaja kuuchemsha. Akafahamu kwamba moto mwingi waiharibu nguvu yake. Akatafuta njia ya kuitoa dawa kwa joto dogo, akaijaribu kwa panya na nyani wenye malaria, akainywa yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Angalieni njia ile: aliheshimu maneno ya wazee kuliko mwuzaji yeyote wa kwetu ayaheshimuvyo, na kwa sababu aliyaheshimu, aliyapima hadi mwisho. Leo kidonge kimoja cha dawa mseto kina miligramu 20 za dawa iliyotokana na jani lile, pamoja na miligramu 120 za dawa mwenzake, na kidonge cha leo ni sawa na cha jana. Chai ya artemisia haina uhakika huo. Mti mmoja una dawa nyingi, wa pili kidogo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, WHO, halikubali chai hiyo itumiwe kutibu malaria, ingawa jani ni lilelile.

Na hapa niseme neno ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Kiumbe kiletacho malaria si wa jamii ya vijidudu vile vya sahanini. Huishi katika ini la mtu, kisha ndani ya chembe za damu. Karatasi iliyopimwa juu ya vijidudu vya majipu haina ushuhuda wowote juu ya malaria, kama vile mtego wa panya usivyo na ushuhuda juu ya mamba. Walakini maji ya majani yanayouzwa kwa sifa ya kuua vijidudu huuzwa kwa homa kuliko kwa ugonjwa mwingine wowote.

Wengine, wakishindwa na hesabu, hukimbilia Maandiko. Hufungua Ufunuo sura ya 22, habari za majani ya mti wa uzima. Ndugu zangu, mti ule umesimama kando ya mto utokao katika kiti cha enzi, hausimami kando ya Kiwira wala Mbaka, na majani yake hayauzwi. Afadhali wangefungua Isaya sura ya 38, mfalme Hezekia alipokuwa na jipu, nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu yake. Mkate ule uliwekwa juu ya jipu, mahali pale pale penye ugonjwa. Huu ndio upande ambao majani yana nafasi njema zaidi, maana juu ya ngozi dawa haipiti tumboni wala katika ini, nayo yaweza kukikuta kijidudu ikiwa na nguvu yake yote. Sina ugomvi na mtu apakaye maji ya majani safi juu ya upele. (Juu ya kitovu cha mtoto mchanga nina ugomvi mkubwa, maana pepopunda huingia kwa majani na udongo.) Ugomvi wangu ni juu ya kikombe.

Wasema pia kwamba kitu cha asili hakimdhuru mtu. Neno hili lingewachekesha wazee wetu. Wao walijua mwafi. Ule nao ulikuwa kitu cha asili, ulitoka mtini, wakanyweshwa watu walioshtakiwa uchawi, na aliyeshindwa kuutapika alihesabiwa kuwa mwenye hatia. Wazee wale hawakudhani kwamba mti ni mwema kwa kuwa ni mti. Ni sisi tuliosahau.

Na tusidhani kwamba Ukristo wetu watulinda na haya. Mwaka 2011 nchi nzima iliona mambo ya Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye jina lake kila Mnyakyusa asikiapo lajulikana maana yake, alisema kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya ukimwi, ya kisukari, ya saratani na mengineyo, itokayo katika mizizi ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, tena sharti kinywewe pale kijijini Samunge kutoka mkononi mwake. Magari yalipanga mstari wa maili nyingi. Wakubwa walikwenda, maskini waliuza mbuzi wakaenda, wagonjwa wakatolewa hospitalini wakapelekwa huko, na makumi wakafa wakiwa njiani au mstarini. Mzee yule simhukumu. Amekwisha kufariki mwaka 2021, na bei yake haikuwa ya mtu mwenye tamaa. Nataka mkumbuke jambo moja tu. Siku zile wakuu wa afya walitangaza kwamba maji yale hayana sumu kwa mnywaji. Hawakusema yanaponya. Lakini neno "haina sumu" lilipofika vijijini lilikuwa limegeuka kuwa "Serikali imethibitisha," na wako wenye ukimwi walioacha vidonge vyao kwa neno hilo. Hivyo ndivyo neno la mtaalamu lisafirivyo katika nchi yetu: latoka Dar es Salaam likiwa na mguu mmoja, lafika kwetu likikimbia kwa minne. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliliona tena likikimbia, watu wakijifunika mablanketi juu ya nyungu za majani.

Huenda mtu akasema, "Lakini kikombe cha majani, hata kisipoponya, chapoteza nini?" Chapoteza siku. Nchi yetu ni tambarare chini ya milima ya Rungwe na Livingstone, na mvua za Machi mpaka Mei huleta mito yote mashambani na uani. Ndizo siku za mbu, ndizo siku ambazo maji ya choo na maji ya kisima hukutana. Mtoto ashikwaye na homa siku ya Jumapili, akapewa kikombe jioni, na kikombe cha pili Jumatatu, aweza kushikwa na degedege Jumanne, na hapo wako wasemao kwamba sasa si homa tena, ni mambo mengine, wakampeleka kwa mwingine mwenye chupa. Kipimo cha malaria katika zahanati ni tone moja la damu, na jibu lake hupatikana kabla maji ya ugali hayajachemka mara mbili.

Kadhalika kipindupindu. Ugonjwa huu ulipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea nchini, na mwambao wetu wa Nyasa haukuukosa. Na ng'ambo ya Songwe, huko Malawi, uliua watu zaidi ya 1,700 kuanzia mwaka 2022 mpaka 2023. Mwenye kipindupindu hafi kwa kuumwa na kijidudu. Afa kwa kukaukiwa, maana aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Basi hata kama jani la mpera lingeua kila kijidudu cha kipindupindu katika kila sahani ya dunia, mgonjwa yule atakufa iwapo hakurudishiwa maji yake na chumvi yake. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi: hiyo ndiyo dawa ya kumshika mtu roho mpaka afikishwe hospitali, na kila nyumba inayo, wala haiuzwi kwa chupa.

Wako ndugu wengine, wengi wao wachungaji na walimu wenzangu, watakaofurahi kusoma haya, wakidhani kwamba nasimama pamoja nao katika kuita majani yote ushenzi. Sisimami nao. Wao nao hawajapima kitu. Hukataa bila kupima kama yule apokeavyo bila kupima. Mama mzee wa Ikombe ajuaye jani gani hutuliza tumbo na jani gani huleta mimba kuharibika ana elimu, na elimu hiyo yapotea kila tunapomzika mmoja wao. Aliyeandika majina ya majani yake na jinsi ayatumiavyo, akayapeleka kwa wenye kuyapima kwa uaminifu, amemtendea heshima. Lakini mwenye kuchukua jani lake moja, akalitia katika chupa ya soda, akabandika karatasi yenye orodha ya magonjwa kumi na manne, huyo amemwibia.

Ninyi wazee wa kanisa, neno langu ni kwenu hasa. Benchi lile ni la kanisa. Mtu aonapo chupa juu yake, aona kwamba kanisa limetia sahihi. Mwamkatalia mwuza pombe asikae hapo, ingawa mwuza pombe hakumwambia mtu yeyote kwamba pombe yake ni badala ya hospitali. Liingizeni ndani benchi hilo siku ya Jumapili ijayo, na mkiulizwa sababu, semeni kwamba tangu mwaka 2002 nchi ina sheria ya tiba asili na Baraza lake, ambalo huandikisha waganga pamoja na dawa zao. Naye aliyeandikishwa anacho cheti chake na aweza kukionyesha.

Na wewe ndugu mwuzaji, najua gazeti hili hukufikia, maana nimeona kurasa zake zikifunga bidhaa zako. Nakuuliza mambo machache. Ni kijidudu gani kilichokufa katika sahani hiyo, na ni ugonjwa gani uuzao dawa yake? Kiini kiasi gani kwa mililita, na kikombe chako kina kiasi gani? Ni wagonjwa wangapi walionywa, wangapi hawakunywa, na hali zao zikawaje? Cheti chako ni namba gani? Na mtoto akizidiwa usiku, wamwambia mama yake afanye nini? Andika majibu, umpelekee Mhariri. Nimekwisha kumwomba akuachie nafasi, naye amekubali, hata kurasa mbili.